Kabla ya Pinterest Kulikuwa na Zidaka

Wasee, nianze kwa kukiri kosa.

Nilipohamia keja yangu ya kwanza, bedsita moja huku Roysambu, mathe alikuja kuniona na mfuko wa karatasi. Ndani kulikuwa na vitambaa sita vya kroshia, vyeupe, vimepigwa pasi na kukunjwa vizuri. Alikuwa amevitengeneza kwa mikono yake. Lakini mimi nilikuwa nishaamua keja itakaa aje: kuta nyeupe, taa za nyuzi, kioo kirefu cha kuegemeza ukutani, mmea mmoja ndani ya kiondo, na nafasi tupu ya kutosha ili macho yapumue. Nikamwambia, "Mathe, hivi vitambaa haviendi na staili ya hapa." Hakusema kitu. Alivirudisha mfukoni kimoja kimoja, halafu akaniuliza kama nimekula.

Wiki hiyo nikapost video ya keja na mkaipenda sana. Kiondo nilikuwa nimekinunua mtandaoni kwa bei ambayo siitaji, kwa sababu mathe husoma hapa. Ukutani nilitundika ungo, ule wa kupepetea nafaka. Shosh alipouona kwa simu alicheka mpaka akakohoa. "Sasa mchele utapepetea wapi, kwa ukuta?" Wa kwake umening'inia jikoni kwa msumari tangu nizaliwe, na hakuna mtu amewahi kuuita mapambo.

Nilidhani haya mapenzi yangu ya vitu vizuri vya nyumba yalianzia kwa simu. Nilidhani sisi ndio kizazi cha kwanza kupenda rafu iliyopangwa vizuri, na wazazi wetu walikuwa wanajaza tu sebule. Nilikuwa nimekosea, na kosa lenyewe lina historia ndefu. Kaa chini nikusimulie.

Chumba chembamba cha Lamu

Mwaka jana nilienda Lamu kupiga video za kazi. Siku ya mwisho jua lilikuwa kali, nikaingia kwenye nyumba moja ya zamani iliyofanywa makumbusho, nyumba ya Waswahili ya karne ya 18. Kusema ukweli nilikuwa natafuta kivuli tu.

Kitu cha kwanza nilichogundua ni kwamba vyumba ni vyembamba. Virefu, lakini vyembamba. Sababu yake ni boriti. Dari inashikiliwa na miti ya mikoko, na boriti ya mkoko haiwezi kuvuka nafasi kubwa sana kabla haijaanza kupinda. Kwa hivyo hata tajiri wa Lamu, mwenye jahazi na mashamba, aliishi kwenye chumba ambacho upana wake ni karibu mita 3 tu. Nikasimama hapo nikafikiria bedsita yangu. Buda, shida yetu ni moja.

Sasa angalia walivyoitatua. Nyumba inaanzia dakani, pale kwenye mlango ambapo mgeni anakaa kwa benchi ya mawe. Unaingia kiwanda, yaani ua ulio wazi juu, na mwanga wote wa nyumba unatoka hapo. Kisha unapita misana, halafu unafika chumba cha ndani kabisa, ambacho kinaitwa tu ndani. Kadiri unavyoingia ndivyo mwanga unavyopungua na mapambo yanavyoongezeka. Na huko mwisho ndipo kuna zidaka.

Zidaka ni vijishimo vya mraba na vya upinde vilivyojengwa ndani ya ukuta wenyewe, safu juu ya safu, vikapakwa chokaa nyeupe na kunakshiwa pembeni. Ukuta mzima unakuwa rafu. Ndani ya kila kidaka palikaa sahani ya kauri, bakuli, kitabu, chombo cha marashi. Na kwa sababu ukuta una kina na vivuli, chumba chembamba kinaonekana kwenda mbali zaidi ya pale kinapoishia. Kile ambacho mimi nilinunua kioo kirefu ili nikipate, fundi wa chokaa wa Lamu alikipata bila kioo.

Nilibaki nimesimama. Hapa palikuwa na kuta nyeupe, rafu, vitu vichache vilivyochaguliwa na mwanga uliopimwa. Ni ile video yangu, ila imenitangulia kwa karne mbili na zaidi.

Nyumba zinazojulikana kwa vitu vyake

Niliporudi Nairobi nikaanza kusoma, na nikagundua Lamu si mwanzo.

Nenda Gedi, karibu na Watamu. Ule mji wa mawe ulioachwa msituni karne ya 17 ulianza kuchimbuliwa na James Kirkman mwaka 1948. Wachimbaji walipoingia kwenye nyumba hawakujua majina ya wenyewe, basi wakazipa majina ya vitu walivyovikuta ndani. Ndio maana mpaka leo kuna Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Bakuli la Kauri, na Nyumba ya Taa ya Chuma. Hebu fikiria: jina lako limepotea, uso wako umepotea, lakini taa yako bado ipo na inakuita nyumbani.

Kauri ilitoka Uchina. Haikuletwa moja kwa moja. Ilipita bandari za India na Arabuni, ikabebwa na pepo za kaskazi, na majahazi yakarudi na kusi yakiwa na pembe za ndovu na boriti za mikoko. Watu wa pwani hii walikuwa ndani ya biashara ya dunia mapema sana. Mwaka 1415 wajumbe kutoka Malindi walimpelekea mfalme wa Uchina twiga. Twiga mzima, kwa meli! Na sahani zilizofika huku hazikuwa za kulia wali peke yake. Mambrui kuna kaburi la nguzo lililopachikwa bakuli za Kichina. Watu walizipenda mpaka wakazikwa nazo juu.

Na kwa nini wazitundike ukutani? Uzuri ulikuwa sababu moja. Watafiti waliozungumza na wenyeji wa Lamu wameandika kuhusu imani kwamba sahani ya kauri hupokea jicho la husuda kabla halijamfikia mwenye nyumba. Mgeni akiingia na kijicho, macho yake yanaenda kwa sahani kwanza. Mimi sisemi uamini. Nasema tu kwamba kila mtu aliyewahi kupost keja yake na kusoma koment anaelewa hiyo hofu.

Lakini tusipambe historia kupita kiasi. Nyumba za mawe zilikuwa za waungwana, na wengi wa waliochimba matumbawe, kuchoma chokaa na kubeba boriti walikuwa watumwa. Urembo ule una jasho ambalo halikulipwa. Mkumbuke hilo, maana nitalirudia nikifika kwa fundi wangu.

Na wapwani wenyewe walijua vitu havidumu. Mwanzoni mwa karne ya 19, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alitunga Al-Inkishafi, utenzi kuhusu fahari ya Pate iliyoanguka. Anaeleza majumba matupu na zile zidaka zilizokuwa na kauri zikiwa zimegeuka viota vya ndege. Nikiwaza maangamizi ya mji mimi hufikiria vita na moto. Yeye aliangalia rafu. Alijua kwamba rafu iliyokosa mtu wa kuipanga inaonyesha hakuna anayeishi hapo tena.

Hiyo ndiyo pointi yangu yote, na unaweza kuacha kusoma hapa kama una haraka: kupamba nyumba ni kusema "mimi naishi hapa". Na kuna wakati katika nchi hii ambapo kusema hivyo ilikuwa karibu uasi.

Kitanda bila nyumba

Reli ilifika Nairobi mwaka 1899, na mji ukajengwa kwa wazo moja kuhusu Mwafrika: huyu ni mpita njia. Amekuja kufanya kazi, akimaliza arudi kwao. Kuanzia karibu 1920 mwanamume Mwafrika alilazimika kubeba kipande, wengi wakikivaa shingoni ndani ya kijisanduku cha chuma. Waajiri na serikali wakifikiria makazi yake, walifikiria nafasi ya kitanda, si nyumba ya familia. Kama una kitanda tu, na kitanda chenyewe ni cha kugawana, utatundika nini ukutani? Ukuta wa nani?

Hata hivyo watu walijenga maisha. Pumwani ilipoanzishwa mapema miaka ya 1920, wakazi wa Majengo walijenga nyumba za muundo wa Kiswahili, zile za ukumbi mrefu katikati na vyumba pande zote mbili. Pwani ilikuwa imepanda gari moshi ikaja Nairobi. Na wengi wa wenye nyumba hizo walikuwa wanawake.

Halafu tunafika kwa vitambaa.

Mwaka 1952, ule mwaka wa Hali ya Hatari, kulianzishwa Maendeleo ya Wanawake. Vilabu vyake vilifundisha kushona, kufuma, kupika na usafi wa nyumba. Nia ya serikali ya kikoloni haikuwa safi. Ilitaka pia kuwavuta wanawake mbali na Mau Mau, na ilikuwa na picha yake ya mke mstaarabu: chai mezani, kitambaa cheupe juu ya kiti. Shule za misheni nazo zilifundisha hivyo hivyo. Kwa hivyo ukiniambia vitambaa ni mabaki ya ukoloni, sitabisha sana. Sindano ya kroshia kweli ilikuja na mzungu.

Ila swali langu ni hili: sindano ikishakuwa mkononi mwa mama, inaendelea kuwa ya nani? Kauri ilitoka Uchina, lakini kidaka kilikuwa cha Lamu. Wanawake walichukua ujuzi huo wakaufanyia mambo yao. Walibuni mananasi, nyota, maua ambayo hayamo kwenye kitabu chochote cha misheni. Walifundishana kwenye chama na kwenye varanda. Wakafunika kochi, televisheni, redio, friji, mpaka chupa ya chai. Tuliokulia kwenye hizo sebule tulicheka. Hatukujua kwamba tunaangalia watu ambao wazazi wao walihesabiwa kama kitanda, na sasa wanaweka sahihi yao juu ya kila kitu wanachomiliki.

Na mtindo wangu ulitoka wapi?

Ili niwe wa haki, nikauchunguza na mtindo wangu: kuta tupu, mistari iliyonyooka, kila kitu na kazi yake. Sehemu kubwa ya huo ukoo inapita Ujerumani, kwenye shule ya Bauhaus iliyoanzishwa na Walter Gropius huko Weimar mwaka 1919 na kufungwa mwaka 1933, Wanazi walipoingia. Ni shule iliyodumu miaka 14 tu, lakini kiti chako cha ofisi na taa yako ya meza bado vina damu yake.

Mambo mawili kuhusu Bauhaus yalinifanya nicheke. La kwanza: mwaka 1921 Marcel Breuer alitengeneza kiti kilichochongwa na kupakwa rangi, na Gunta Stölzl akakifumia kitambaa chake. Kinaitwa Kiti cha Kiafrika. Kilipotea machoni pa watu kwa zaidi ya miaka 80, kikaja kuonekana tena mwaka 2004. Yaani hao hao mababu wa mtindo wa "kisasa", kabla hawajafika kwenye mabomba ya chuma na ngozi, walikuwa wakiota kuhusu huku kwetu.

La pili: Gropius alitangaza kwamba wanawake watapokelewa sawa na wanaume. Walipofika wengi, wakaelekezwa kwenye karakana ya ufumaji. Ujenzi ulionekana kazi ya wanaume, uzi kazi ya wanawake. Stölzl akaja kuiongoza karakana hiyo, na ikawa kati ya zile zilizofaulu zaidi sokoni. Hata huko uzi ulipewa kiti cha nyuma.

Ndipo nikakiangalia kiondo changu upya. Wanawake wa Kikuyu na Kikamba walikuwa wakikisuka zamani sana kwa nyuzi za magome ya vichaka na mbuyu, wakisokota kamba juu ya paja. Katani ilikuja baadaye, ni mmea wa Amerika. Miaka ya 1970 na 1980 kiondo kikapendwa Ulaya na Marekani, vikundi vya akina mama vikauza sana. Halafu viwanda vya Asia vikaanza kutoa nakala za mashine kwa bei ya chini, na soko la akina mama likaporomoka. Jina la kiondo likasafiri. Jina la msukaji likabaki nyumbani.

Fundi wangu

Sasa lile jasho nililosema nitalirudia.

Meza yangu ndogo ya mbao, ile mnayoniuliza kila video, ilitengenezwa na fundi wa kando ya Ngong Road. Nilimpelekea picha kwa simu. Aliiangalia sekunde chache, akaniambia miguu ya kwenye picha itayumba, akachora yake kwa penseli juu ya kipande cha mbao. Alikuwa sahihi. Nilibishana naye bei mpaka akachoka. Halafu nikaja hapa nikaandika "meza niliyoibuni".

Mimi, ambaye mwezi uliopita nililia hapa nusu saa kwa sababu akaunti fulani ilichukua video yangu bila kutaja jina. Manze, aibu.

Tunapenda kusema tunaunga mkono vya kwetu. Lakini ungo wa Shosh ukiwa jikoni ni umaskini, ukiwa kwenye ukuta wa kahawa ya bei ghali ni ubunifu. Kitu kinachobadilika hapo ni nani anaitwa mbunifu na nani anaitwa mama wa sokoni tu. Ukipenda kitu kizuri, mapenzi yako hayajakamilika kama hujui mikono iliyokitengeneza. Mnunulie kwa bei inayoeleweka. Muulize kama anataka jina lake litajwe. Nilirudi kwa fundi nikamuuliza. Akasema nitaje kazi, simu zikija atashukuru, lakini jina lake aniachie. Sawa. Nimerekebisha maandishi ya ile video, na safari hii nilimlipa kiti bila kubishana.

Vitambaa vilivyobaki

Jumapili iliyopita nilienda kwa mathe kuomba vitambaa. Nilikuwa nimejiandaa na hotuba nzima: Lamu, Gedi, Pate, Ujerumani. Alinisikiliza akichambua mboga. Nilipomaliza akaniuliza, "Kwa hivyo ulihitaji kwenda mpaka Lamu?"

Halafu akanieleza kitu ambacho sikuwahi kumuuliza. Kroshia alifundishwa na Shosh, na Shosh aliipata kwenye kikundi cha akina mama enzi za ujana wake. Mathe alipokuja Nairobi alipanga chumba kimoja Eastlands, pazia katikati. Hakuwa na meza. Alikuwa na kreti ya soda. Akaigeuza juu chini, akafuma kitambaa kikubwa kikafunika mpaka chini. "Wageni walikunywa chai hapo miaka minne," akasema. "Hakuna hata mmoja aliyejua ni kreti."

Nikakosa la kusema. Chumba kidogo, pesa kidogo, na mtu anayekataa kuishi kama anapita njia. Yule wa Lamu aliumba kina kwa chokaa. Mathe aliumba meza kwa uzi. Mimi nilinunua taa za nyuzi.

Vitambaa sita? Vimebaki viwili. Vinne alimpa binamu yangu, ambaye alivipokea mara moja na kusema asante. Nimeviweka viwili vyangu: kimoja chini ya taa, kingine nimekitia kwenye fremu nikakitundika pale ungo ulipokuwa. Ungo umerudi kazini. Na ndiyo, vinaenda na staili ya hapa. Vilikuwa vinaenda tangu siku ile.

Sasa zamu yako. Zunguka kejani, chagua kitu kimoja unachokipenda, halafu uniandikie hapa chini: kilitoka wapi, na nani alikitengeneza? Kama hujui, piga simu nyumbani uulize. Mimi nasoma zote, na mathe pia.